KWARESIMA NA SUFURIA YA NYAMA: Mama mwenye mtoto mgongoni afungeje?

Jamani, kuna swali moja ambalo kila mwaka majivu yakishapakwa tu kwenye paji la uso linaanza kuzunguka mitaani kama noti za kwacha pale Tunduma: "Mwenzangu, mwaka huu unafunga nini?" Na wanaoulizana huulizana kwa mbwembwe kabisa, utadhani wanaulizana kitambaa cha sare ya harusi. Huyu anafunga soda, yule anafunga chipsi, mwingine anafunga tamthilia, na wapo masista du wanaotangaza kwenye status zao kwamba siku 40 nzima hawatatia kitu mdomoni mpaka jua lizame.

Mimi nikiulizwa hucheka kwanza. Halafu hujibu: "Mimi nafunga mtoto mgongoni na kanga kiunoni, mengine nitakwambia Pasaka."

Sisemi hivyo kwa dharau, wapenzi wasomaji. Mimi ni Mkatoliki wa tangu utotoni, jumuiya nasali na majivu napaka. Ila nina watoto wawili, nina kibanda cha chakula hapa Mpemba kando ya barabara kuu, na makala hizi naziandika usiku watoto wakishalala. Kidato cha nne nilimaliza, cheti kipo kabatini kimetulia, na sufuria ndizo zinazotulisha. Sasa mtu wa namna hii Kwaresima anaifungaje? Ndiyo mada yetu ya leo, kaa mkao wa kula. Samahani, mkao wa kufunga!

MPEMBA HAILALI

Kwa wale wa Dar ambao wakisikia Mpemba wanafikiria mtu wa kisiwa cha Pemba, hebu niwaelekeze. Mpemba yetu ipo mkoani Songwe, ule mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni kilomita chache tu kabla hujafika Tunduma, hapo kwenye njia panda ya kwenda Isongole, Ileje. Ukitoka Dar unakuwa umeshakata zaidi ya kilomita 900.

Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapita hapa mbele ya kibanda changu. Kituo cha pamoja cha forodha pale mpakani kilizinduliwa mwaka 2019 na mambo yakawa na nafuu, lakini siku foleni ikikataa kusogea, imekataa. Dereva analala hapa, utingo wake analala hapa, na wote wanataka kula. Saa 10 alfajiri nipo jikoni. Saa 2 usiku bado naosha sahani. Katikati hapo kuna mtoto wa kunyonyesha, kuna wa shule, na kuna baba watoto, mwendesha bodaboda, anayerudi akiwa ametapakaa matope kwa sababu Kwaresima kwetu ni msimu wa mvua.

Halafu mtu anakuja na karatasi ya ratiba: Misa ya asubuhi kila siku, Njia ya Msalaba kila Ijumaa, rozari saa 3 usiku, kusoma Neno nusu saa. Weee! Ratiba hiyo ni ya mtawa, na mtawa mwenyewe hana mtoto anayeota meno.

SHERIA YENYEWE INASEMAJE?

Hapa ndipo nilipoamua kuuliza badala ya kusikiliza maneno ya kisimani. Nikamwuliza katekista wetu, mzee mmoja mwenye subira kama ya Ayubu. Akanifungulia Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1251 na ya 1252, akanisomea pole pole. Nikashangaa.

Kumbe siku ambazo Kanisa linamlazimisha mtu kufunga chakula ni mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Na kufunga kwenyewe ni kula mlo mmoja kamili. Viwili vingine viwe vidogo, ambavyo hata ukivijumlisha havifikii huo mmoja. Anayehusika ni aliyetimiza miaka 18 mpaka anapoanza mwaka wake wa 60. Kuacha nyama, hiyo ni siku za Ijumaa, na inamhusu kila aliyetimiza miaka 14.

Zamani mambo yalikuwa mazito zaidi. Aliyelegeza kamba ni Papa Paulo wa Sita, kwa waraka wake wa Februari 1966 uitwao Paenitemini. Lakini msidhani alifuta toba. Alichosema kwa ufupi ni kwamba kufunga chakula kuende sambamba na sala na matendo ya huruma. Yaani mtu asibane tumbo akaachia ulimi.

Na hizo siku 40, wengi wanakosea hesabu. Ukihesabu kutoka Majivu mpaka Jumamosi Kuu unapata siku 46. Ondoa Jumapili sita, kwa sababu Jumapili ni siku ya Ufufuko na haifungwi, ndipo unapata 40. Baba watoto wangu aliposikia hesabu hiyo alifurahi mno. Yeye alikuwa amefunga bia, basi akatangaza kwamba Jumapili ni halali yake. Nikamwambia, "Sawa baba, ila kesho yake ni Jumatatu na hela ya mafuta ya pikipiki naijua ilipo." Akanywea.

MTOTO ANANYONYA, WEWE UNASHINDA NJAA?

Sasa tuingie kwenye kiini cha habari, maana hapa kuna wanawake wenzangu wanateseka kimya kimya.

Kwaresima ya mwaka 2025 mwanangu wa pili alikuwa na miezi minane. Siku ya Majivu yenyewe, Machi 5, saa 4 asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya kibanda nakunywa uji huku nanyonyesha. Akapita mama mmoja wa jumuiya yetu (jina kapuni), majivu kichwani yanang'aa. Akasimama. Akanitazama mimi, akalitazama bakuli, akasema, "Mwanangu, hata leo?"

Maneno mawili tu, lakini yanachoma kuliko pilipili mbuzi. Ningekuwa bado ni yule binti wa kidato cha pili ningelimwaga ule uji. Badala yake nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikamaliza bakuli langu.

Jamani, tuambizane ukweli. Tangu zamani Kanisa halimbani mgonjwa, mjamzito wala anayenyonyesha kushinda njaa. Mwanamke anayenyonyesha anahitaji chakula na maji zaidi ya kawaida, kwa sababu analisha watu wawili kwa mdomo mmoja. Ukishinda njaa jikoni kwenye moto kuanzia alfajiri, atakayelia usiku si wewe peke yako. Mtoto wa miezi minane hajaahidi mfungo wowote. Unapomfungisha bila ridhaa yake, hapo umefunga wewe au umemfunga yeye?

Na si sisi tu. Mwaka huohuo Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo mifungo miwili ilipandana. Wateja wangu Waislamu mchana walitoweka, jioni wakawa wanataka futari: uji, mihogo, ndizi, tambi. Nikabadilisha ratiba ya jiko zima. Siku moja mzee mmoja dereva wa kutoka Tanga akanikuta nakula mchana, akauliza kwa upole, "Binti, si mmeanza na nyinyi kufunga?" Nikamwonyesha mtoto mgongoni. Akatikisa kichwa. "Ahaa. Hata kwetu mama wa namna hiyo, akihofia afya yake au ya mtoto, anaruhusiwa kula. Atalipa siku nyingine." Mzee wa watu katoka Tanga kanielewa upesi kuliko jirani yangu wa mtaa mmoja!

IJUMAA NA SUFURIA YA NYAMA

Tatizo la pili ni biashara. Ijumaa mimi sili nyama, lakini dereva aliyetoka Dar na mzigo wa tani kibao hanihusu na Ijumaa yangu. Anataka ugali nyama na pilipili ya kukaanga. Nikimwambia leo ni maharage tu, anahamia kibanda cha pili na benchi langu linabaki na nzi.

Wapo walionishauri nifunge biashara ya nyama Ijumaa zote. Ushauri mzuri, ila wao hawalipi kodi ya kibanda. Nikamwuliza tena katekista wangu. Yule mzee akaniuliza, "Mwanangu, umeambiwa uache kula au uache kupika?" Nikasema kula. "Basi pika."

Nikapika. Ila nilifanya jambo moja: Ijumaa sufuria ya maharage ya nazi na ya samaki nikaziweka mbele, ya nyama nikaisogeza nyuma na kuipunguza. Kisha ikaja kazi ya kuonja chumvi. Hapo nilimkabidhi dada anayenisaidia, yeye ni Mmoravian, akawa anaonja huku anacheka: "Dada, leo mimi ndiye mdomo wako!"

Nimejifunza kitu kingine hapohapo kibandani. Kuna Wakatoliki wenzangu wakifika Ijumaa wanakataa nyama ya elfu mbili kwa sauti ya juu ili wote wasikie, halafu wanaagiza sato mzima, wa kukaanga, na kachumbari, na ndizi, na soda baridi. Sheria wameitimiza, sikatai. Lakini bili yao inazidi ya yule aliyekula nyama! Pembeni yao kakaa utingo anayekula ugali na mchuzi mtupu kwa sababu bosi wake hajamtumia hela ya njiani. Sasa mniambie, kati ya hao wawili nani aliyefunga?

HELA YA BIA IMEKWENDA WAPI?

Swali hili ndilo lililotaka kuvunja amani nyumbani kwangu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wanaume wengi wanapoacha kilaji Kwaresima husifiwa mtaa mzima. Lakini hebu fuatilia ile hela. Kwa wengine inawekwa pembeni mpaka siku ya Pasaka, halafu inanywewa yote kwa siku moja, pamoja na riba! Huo si mfungo, ni kibubu cha bia.

Sisi tulikubaliana mapema. Nilinunua kibubu cha bati, tukakibandika juu ya kabati. Yeye kila siku ya kazi anatumbukiza hela ya bia yake, mimi natumbukiza chochote ninachojinyima: vocha ya kuperuzi, soda ya saa 8, kusuka nywele. Makubaliano yalikuwa kwamba hela hiyo haitarudi ndani ya nyumba. Inatoka.

Wiki ya tano kikatokea kimbembe. Viatu vya shule vya mkubwa vikaachama mbele kama mdomo wa mamba, na Pasaka hiyo inakuja. Baba watoto akatazama juu ya kabati. "Mama, si tuna hela hapo? Kwani mtoto wetu si maskini?"

Wapenzi wasomaji, swali hilo si la kijinga. Mimi ni mama, mwanangu anakanyaga matope ya Mpemba na soli imefunguka, na juu ya kabati kuna kama elfu 40. Moyo uliniuma. Lakini nikafikiri: tukikifungua leo kwa viatu, kesho tutakifungua kwa gauni, keshokutwa kwa kilo mbili za mchele, na hapo tutakuwa tumebana matumizi tu, si kufunga. Viatu vya mtoto ni jukumu letu la kila siku. Lile kopo tulikwishalitoa kwa mtu mwingine, ingawa mwenyewe bado hajui.

Nikakataa. Tukanuniana siku mbili kamili, chai inapitishwa mezani bila neno. Siku ya tatu nikavipeleka viatu kwa fundi pale stendi, akavishona na kuvitia gundi. Mtoto akavivaa hadi Pasaka na kanisani akaenda navyo. Nguo mpya hakupata. Aliuliza mara moja, nikamjibu kweli, akaenda kucheza.

Jumamosi Kuu tukakifungua: 43,500. Elfu 20 tukazitia kwenye bahasha ya Kwaresima ya parokia. Zilizobaki tukanunua unga, maharage na chumvi kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu anayelea wajukuu watatu. Mnajua miezi hii huku kwetu ikoje: mahindi ya mwaka jana yameisha ghalani, mapya bado yako shambani, bei ya debe imepaa. Kuna watu Kwaresima yao haikuanza Jumatano wala haina tarehe ya kumalizika.

Baba watoto ndiye aliyebeba mfuko kwenye pikipiki, mimi nyuma na mtoto. Bibi alitoka, akautazama mfuko, akatutazama sisi, akauliza kwa hofu, "Wanangu, kuna msiba?"

Maana mtaani kwetu chakula cha bure huonekana msibani tu. Nilikosa la kusema. Baba watoto ndiye aliyejibu, "Hapana bibi. Ni Pasaka." Na tangu siku hiyo hajaniuliza tena kuhusu kopo.

SALA ZA JIKONI

Najua mtauliza, na kusali je? Hapo napo tusidanganyane. Njia ya Msalaba ina vituo 14, na mtoto wangu uvumilivu wake uliishia cha nne. Tangu hapo nilikuwa natoka nje ya kanisa, nazungukazunguka naye mlangoni huku nafuatisha kwa mbali. Nilikutana na akina mama wengine watano hapo mlangoni, kila mtu na wa kwake mgongoni. Tukawa na kanisa letu la nje!

Rozari nzima usiku sikuiweza. Lakini kutoka nyumbani mpaka kibandani alfajiri ni mwendo wa fungu moja la rozari, kumi kamili, nikiwa peke yangu, giza, taa za malori kwa mbali. Siku 40 za namna hiyo si haba. Kusoma Neno nilimwachia mkubwa wangu: anasoma mistari miwili ya Injili ya siku kwa sauti ya kukwamakwama wakati mimi nachambua mchicha. Yeye anajifunza kusoma, mimi nasikiliza Neno. Ndege wawili, jiwe moja.

Na simu. Kwa vijana wenzangu wa mjini nasema hivi: kama unatafuta cha kufunga na tumbo lako lina udhuru, funga umbea wa kwenye makundi ya WhatsApp. Jaribu wiki moja tu. Utaona kwamba njaa ya ugali ni cha mtoto.

KWA HIYO TUFANYEJE?

Kwa mama mwenzangu mwenye kazi, mtoto na mume, nakuachia haya machache. Kama unanyonyesha au una ujauzito, kula, tena kula vizuri, na usijieleze kwa kila anayepita. Mwenye hofu amwone padre wake au muuguzi wa kliniki. Chagua kitu kimoja kinachouma kweli na unachokiweza mpaka mwisho, si vitano vya kuachia njiani wiki ya pili. Kila unachojinyima kiwe na pa kwenda: kikibaki ndani ya nyumba, hicho ni akiba, na akiba si dhambi, ila si mfungo. Mpe baba naye sehemu yake, msije mkawa familia ambayo mama anafunga na baba anafuturu. Na ukimwona mwenzio na bakuli la uji Ijumaa, mwamkie, upite. Hujui ana nani mgongoni.

Na nyie akina baba mnaosoma ukurasa huu kwa kujificha, msijifanye hamkusikia. Kile kibubu cha bati dukani kinauzwa bei poa tu. Kukijaza ndiko kwenye kazi.

Haya, mie naloweka maharage ya kesho. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.